Mukami wa Kwenye Kaseti

Wimbo ulikuwa umeenea Githongo, huko Meru, kama mafua. Kinyozi aliupiga tangu asubuhi, bucha akaupiga, na hata dereva wa lori la kahawa aliongeza sauti kila ulipofika pale mwanamume anapolia, "Mukami, ee Mukami, nakutafuta." Ednah Gatwiri, fundi wa nguo, alikuwa ameusikia hadi akauota. Kila ulipoanza alikanyaga cherehani kwa nguvu zaidi ili mashine iufunike, lakini haukufunikika. Sauti ile aliijua kuliko sauti ya mtu yeyote aliye hai.

Ilikuwa sauti ya Runji.

Zamani, yeye na Runji walikuwa bendi moja. Vijana wanne wa Embu na msichana mmoja wa Meru, wakijiita Mabati, kwa sababu mhubiri mmoja wa Kibugu aliwasikia wakifanya mazoezi akasema hao si wanamuziki, hao wanapiga mabati. Mwalimu mmoja Mzungu aliyekuja kujitolea alikuwa amewaachia kaseti za panki, ule muziki wa makelele wa kwao Uingereza. Vijana wale wakachukua hasira ya Wazungu, wakaichanganya na gitaa za nyumbani, wakatoa muziki ambao wazee waliuzibia masikio na vijana wakauchania mashati. Runji alikuwa akiimba kama mtu aliyeibiwa. Gatwiri alikuwa sauti ya pili, na watu walisema sauti zile mbili zikikutana hata mwenye hoteli alisahau kuuza.

Halafu mwaka wa themanini na moja bendi ikafa, na Runji akapotea akiwa amemwachia Gatwiri tumbo la miezi minne. Sina maneno ya kulipamba jambo hilo. Alimwachia tumbo akaenda zake.

Na sasa, tisini na sita, Mabati walikuwa wamerudi. Wanaume wenye vipara na magoti mabovu waliingia studio huko River Road, Nairobi, wakatoka na kaseti mpya waliyoiita *Kutu*. Nchi nzima ikaipokea kana kwamba ilikuwa ikiingoja. Wimbo wa kwanza upande wa kwanza ulikuwa "Mukami".

Githongo hawakukosa la kusema. Walisema huyo Mukami ni mwanamke wa Embu, mrembo ajabu, aliyemtoroka mwimbaji. Wengine walisema ni mke wa mtu. Gatwiri aliyasikia hayo akiwa na pini mdomoni, akaendelea kupima viuno vya wateja. Moyoni alikuwa akiungua. Yeye ndiye aliyemkataa mwalimu Vincent, mtu mpole, mwenye shamba lake, kwa sababu ya mwanamume aliyepotea. Yeye ndiye aliyengoja hadi watu wakachoka kumcheka. Kumbe mwenzake alikuwa akilia na jina la mwingine! Alimchukia Mukami huyo kwa moyo wote, na kila usiku akamwombea mabaya, kisha akatubu, kisha akamwombea tena.

Jumamosi moja alikuwa akishona kola za sare za shule alipoona kivuli kimeziba mlango.

"Hodi."

"Karibu," alisema bila kuinua kichwa. "Kama ni sare, hazijaisha. Rudi Jumatatu."

"Sijafuata sare."

Mguu wake ulikoma wenyewe na cherehani ikasimama. Gatwiri aliitazama sindano kwa muda kabla ya kumtazama mtu.

Alikuwa amezeeka. Nywele za kando zilikuwa nyeupe, tumbo limejitokeza kidogo, na koti lake la ngozi lilikuwa jipya mno kwa mtu wa umri wake. Lakini macho yalikuwa yale yale, ya kukutazama kana kwamba chumba kizima hakina mtu mwingine. Gatwiri aliyachukia macho hayo kwa kutobadilika.

"Wimwega, Gatwiri," Runji alisema.

"Usinisalimie kwa Kiembu. Kimeru hukuwahi kujifunza, kwa hivyo tuongee tu Kiswahili kama zamani."

Runji alicheka kidogo, akaona hachekewi, akaacha. Alikaa kwenye benchi la wateja bila kuambiwa. Gatwiri hakumkaribisha chai. Tangu afungue duka lile hakuna mtu aliyekaa kwenye benchi hilo akakosa chai, hata watu wa kuuza dawa za panya, na sasa thamosi ilikuwa pale mezani imejaa, na wote wawili waliiona.

"Umesikia kaseti yetu?" Runji aliuliza.

Miaka yote hiyo, na swali la kwanza ni kaseti!

"Nani hajasikia? Hata mbuzi wa hapa wanaijua."

"Na unaionaje? Niambie ukweli. Watu wote wananisifu tu."

Aliuliza kama kijana anayeonyesha mama yake daftari. Na Gatwiri, ambaye alikuwa ameapa kumfukuza siku atakapomwona, alijikuta akijibu, kwa sababu alikuwa mwanamuziki kabla ya kuwa fundi.

"Gitaa yako ni nzuri. Imezeeka vizuri kukushinda. Nyamu bado anakimbia na ngoma, hajui kungoja mtu. Yuko wapi siku hizi?"

"Kiambere. Anauza samaki wa bwawa. Tulimtoa huko na harufu yake."

"Wimbo wa tatu mngeutupa. Na pale pa sauti ya pili mmeweka kinanda. Kinanda, Runji! Kama kanisani!"

"Prodyusa alileta wasichana wanne waimbe hapo. Nikakataa wote."

"Kwa nini?"

"Nilimwambia kama si Gatwiri, wacha kuwe na kinanda."

Alisema hivyo akimtazama usoni. Gatwiri aliinamisha kichwa upesi, akajifanya anatafuta uzi. Mwanamke wa miaka thelathini na sita, mzee wa kwaya, anaficha uso kwa sababu ya kinanda! Alijionea aibu, na kwa aibu hiyo akarusha jiwe lililomkaa moyoni kwa miezi.

"Na huyo Mukami wako? Yeye haimbi? Si angeimba hiyo sauti ya pili?"

Runji alimtazama kwa mshangao. "Anaimba? Mimi sijui. Hilo ndilo nimekuja kukuuliza."

"Uniulize mimi?"

"Nimuulize nani mwingine? Gatwiri, yuko wapi?"

"Nani?"

"Mukami. Msichana wetu."

Huko nje mtu alikuwa akibishana na muuza ndizi. Gatwiri alisikia kila neno la ugomvi ule, akashindwa kusikia kichwa chake mwenyewe.

Kwao Runji, huko Embu, jambo hilo halijadiliwi. Binti wa kwanza huchukua jina la mama yake baba. Mama yake Runji aliitwa Mukami. Kwa hiyo mtoto wa Runji, akiwa msichana, alikuwa Mukami kabla hata hajazaliwa, na Runji alipopata habari miaka ile kwamba Gatwiri amejifungua msichana, hakuwa na haja ya kuuliza jina. Alilijua. Alitembea nalo miaka yote hiyo, akalitungia wimbo. Naye Gatwiri alikuwa amemwona mama huyo mara moja tu, huko Kibugu, akichuma chai, akamwita Mama Runji kama kila mtu alivyomwita; jina lake mwenyewe alikuwa akilitambua sasa tu.

Kicheko kilimtoka kwanza. Alicheka hadi akashika meza. Kumbe mwanamke aliyemwombea mabaya usiku baada ya usiku ni ajuza wa Kibugu na kikapu chake cha chai! Kumbe ni mtoto aliyelala kitanda cha pili ndani ya nyumba yake mwenyewe! Kisha kicheko kikageuka, akajifuta macho kwa kipande cha kola.

"Hakuna Mukami hapa," alisema.

Runji alisimama, uso umempauka. "Alikufa?"

"Ana afya kukushinda. Anaitwa Kendi."

"Kendi?"

"Kendi. Maana yake ni mtu anayependwa. Sisi Wameru tunampa mtoto jina kwa vile tunataka awe. Nilitaka angalau awe na mtu mmoja wa kumpenda."

"Lakini Gatwiri, kwetu..."

"Kwenu! Kwenu mlileta mbuzi gani hapa ndio tukae tuulizane mama yako anaitwa nani?"

"Nilikuja! Nilikuja na wajomba wangu wawili, na Kaberia akatufukuza na panga. Alisema dada yake hawezi kuolewa na mtu wa kupiga mabati. Wewe unajua hiyo."

"Najua. Nilikuwa ndani, nikawasikia. Kaberia alikufukuza mara moja, Runji. Mara moja! Mbwa wa hapa wanafukuzwa kwa bucha kila siku na kila siku wanarudi."

Kana kwamba jina lake lilikuwa limemwita, Kaberia mwenyewe akatokea mlangoni. Mtu alikuwa amekimbia kumwambia kuna gari la Embu nje ya duka la dada yake. Alikuwa mtu mzima sasa, mzee wa kanisa, lakini shingo yake ilivimba kama ya zamani.

"Kumbe ni wewe," alimwambia Runji. "Mabati yameisha huko Embu?"

"Habari ya siku nyingi, mzee."

"Usiniite mzee. Ednah, huyu anatafuta nini hapa? Unataka atuaibishe mara ya pili? Watu wamesahau juzi tu."

"Kaberia," Gatwiri alisema polepole, "ile siku nyingine uliongea kwa niaba yangu, na mimi nikanyamaza kwa sababu ya heshima. Leo niachie niongee mwenyewe. Tafadhali."

"Akikudanganya tena usikuje kulia kwangu."

"Sikulia kwako hata ile mara ya kwanza. Nenda nyumbani."

Kaberia alimtazama dada yake kama mtu anayemwona kwa mara ya kwanza, akatema mate kando ya kizingiti, akaondoka. Runji alikaa tena, akavuta benchi karibu na cherehani.

"Sikuwa na ujasiri," alisema kwa sauti ya chini. "Huo ndio ukweli. Nilienda Nairobi, nikaendesha lori, nikakunywa pombe sana. Gitaa niliuza. Halafu mwaka jana Mutugi, yule wetu wa besi, akanitafuta, akaniambia turudi. Nikakaa chini kuandika, na kila kitu nilikuwa naandika kilikuwa nyinyi. Twende Embu, Gatwiri. Nataka kukuoa. Nitaleta wazee, nitaleta kila kitu Kaberia anataka, na akinifukuza nitalala hapo kwa gate."

Aliweka mkono wake juu ya meza ya cherehani, karibu na mkono wa Gatwiri, bila kuugusa. Ncha za vidole zilikuwa na sugu mpya za nyuzi za gitaa. Gatwiri alizitazama sugu zile, na nikisema hakumpenda nitakuwa mwongo. Alimpenda bado. Alimpenda kwa ujinga ule ule wa zamani, na kama Runji angenyamaza pale pale, chapati za harusi zingepikwa Githongo. Lakini Runji hakunyamaza.

"Jumamosi ijayo tuna shoo ya kaseti nyumbani Embu, kwa ile hoteli kubwa. Watu wa redio watakuja. Prodyusa anasema kama wewe utaimba ile sauti ya pili, halafu katikati ya wimbo Mukami mwenyewe apande steji..."

"Kendi."

"Ndio, Kendi. Apande, watu wamwone. Gatwiri, watalia! Lakini nilikuwa nafikiria..." Alijikuna shingo. "Hiyo siku, si mnaweza kumwita Mukami? Kaseti zimechapishwa tayari. Na kwetu hilo ni jina lake hata hivyo. Mama yangu amezeeka, kila siku ananiuliza kuhusu mtu wa jina lake. Nitamwambia nini?"

Gatwiri aliondoa mkono wake mezani.

"Runji, huo wimbo nimeusikia mara nyingi sana. Hebu nisaidie. Mimi niko wapi hapo ndani?"

"Uko. Si uko kwa ubeti wa pili? 'Na aliyekubeba mgongoni, mwambie naja.' Huyo ni wewe."

"Aliyekubeba mgongoni."

"Ndio."

"Punda pia anabeba mgongoni." Sauti yake haikupanda. "Mtoto umempa jina la mama yako. Mama yako ameimbwa. Mimi niliyezaa, nikashona usiku na mchana, nikasomesha, nikachekwa, mimi sina hata jina. Na sasa unataka kuchukua hata lile moja nililompa mtoto."

"Si hivyo. Wewe unachukua vibaya."

"Nachukua vile umeleta."

Njiani ikasikika sauti ya msichana akiimba. Kendi alikuwa akirudi kutoka faktari, kiwandani alikopeleka kahawa ya mjomba wake, na alichokuwa akiimba ni kile kile kilichoimbwa na Githongo nzima. Aliimba vizuri. Pale palipowekwa kinanda yeye aliweka sauti, ile ile sauti ya pili ambayo hakuna aliyemfundisha, na Runji alipoisikia akashika ukingo wa benchi.

"Ndiye huyo anakuja," Gatwiri alisema. "Hajui kitu. Nilimwambia baba yake alienda kazi ya mbali. Mwambie wewe. Sitaki wimbo wala steji. Mwambie tu 'mimi ni baba yako'. Ukimwambia, mambo ya jina tutakaa chini tuzungumze, hata mama yako atamwona. Na mimi nitafunga hii duka leo hii nikufuate. Unanisikia? Nitakufuata."

"Nimwambie hivyo ghafla? Si nianze na..."

"Umeambia Kenya nzima. Mmoja tu ndio amebaki."

Kendi aliingia na upepo wake, debe tupu mkononi, miguu imejaa udongo mwekundu. Alikuwa mrefu kumpita mama yake. Alimsalimia mgeni kwa adabu, akageuka kumwambia mama yake jambo, akageuka tena upesi. Mdomo ulibaki wazi.

"Mami! Huyu si... Wewe si wa Mabati? Si wewe uko kwa kava ya kaseti?"

"Ni mimi," Runji alisema.

"Uui! Mami, ni yeye! Amekuja hapa kwetu! Wasichana wa darasani hawataniamini!" Aliweka debe chini, akajifuta mikono kwenye sketi. Kisha uso wake ukawa makini, kama wa mtu aliyekuwa na swali siku nyingi. "Eti, naweza kukuuliza? Ulimpata?"

"Nani?"

"Mukami. Ulimpata?"

Runji alimtazama mtoto. Katika kichwa chake Mukami alikuwa kitoto cha gauni fupi, cha kubebwa begani mbele ya watu. Aliyesimama mbele yake alikuwa mtu mzima nusu, mwenye paji la uso la mama yake na macho ya kuuliza maswali. Alimgeukia Gatwiri. Gatwiri aliinamia kola aliyokuwa akishona, akaikunja, akaikunjua, hakumsaidia. Aliomba kimoyomoyo. Aliomba kama hajawahi kuomba tangu ile siku ya panga getini. Sema, Runji. Sema tu.

Runji alifungua mdomo.

"Bado," alisema. "Bado natafuta."

"Pole sana." Kendi alisema hivyo kwa huruma ya kweli. "Mimi ningekuwa yeye singejificha. Singekuwa hata na hasira. Ningekuja tu."

"Ndio," Runji alisema. "Asante." Alitafuta kofia yake, ikaanguka, akaiokota. "Gatwiri, mimi nitarudi. Wiki ijayo nitarudi tuongee vizuri, pole pole. Mambo kama haya hayataki haraka."

Alimpa Kendi mkono, akaushika muda mrefu kupita kawaida, akauachia. Kisha akatembea kuelekea mlangoni na koti lake jipya.

Gatwiri alimtazama mgongo. Alijua mgongo ule. Alijua pia lile neno "nitarudi", na jinsi nyumba inavyokuwa siku zinazofuata, mtu akisikia gari barabarani na kuinuka. Kitu fulani ndani yake, kilichokuwa kimesimama wima miaka yote hiyo, kilikaa chini. Hakikuuma kama alivyodhani kingeuma. Kilichomuuma ni kwamba sasa kazi ile ya kumwambia mtoto nayo, kama kazi nyingine zote, ilikuwa imebaki yake.

"Kendi," alisema kwa sauti ya kumfikia aliye mlangoni, "huyo ni baba yako, na Mukami anayemtafuta ni wewe. Mtazame vizuri, maana anaondoka."

Runji alisimama kwenye kizingiti. Hakugeuka. Mabega yake yalipanda, yakashuka.

Kendi alimtazama yule mwanamume, akamtazama mama yake, akamtazama tena yule mwanamume. Furaha ilikuwa bado haijamtoka usoni vizuri, ilikuwa imesahauliwa hapo.

"Lakini mami," alisema polepole, "nimemuuliza. Amesema bado."